Maswali ya Wasomaji: Mshairi Mlatino na Lugha Zake Mbili

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasoma fasihi chuoni, na muhula huu tumepewa mashairi ya Walatino wa Marekani, yaani Wamarekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Kinachonikera ni kwamba mshairi huanza mstari kwa Kiingereza akaumalizia kwa Kihispania, kisha mistari michache baadaye analalamika kwamba hana kwao. Je, huku si kushindwa kuchagua? Na ikiwa amezaliwa Marekani, kwa nini bado ajione yuko kati ya tamaduni mbili?
Mwanafunzi wa fasihi

JIBU: Ndugu yangu, nitaanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo linalofungua lile la kwanza. Umechukulia kwamba kila Mlatino ana mzazi au babu aliyevuka mpaka. Wengi ndivyo walivyo, lakini wapo wanaosema, na wana haki ya kusema, kwamba wao hawakuvuka mpaka bali mpaka ndio uliowavuka. Mkataba wa Guadalupe Hidalgo ulipomaliza vita vya Marekani na Meksiko mwaka 1848, eneo kubwa mno, ikiwamo California ya leo, lilihamia mikononi mwa Marekani, na watu waliokuwa wakiishi humo wakajikuta katika nchi nyingine bila kuhamisha hata kinu. Puerto Rico nayo ilitwaliwa kutoka kwa Uhispania mwaka 1898, na wenyeji wake wakapewa uraia wa Marekani mwaka 1917. Kwa hiyo mtu akitoka San Juan, mji mkuu wa Puerto Rico, kwenda New York hahitaji pasipoti, ila akifika huko huenda akaulizwa ametoka nchi gani.

Sensa ya Marekani ya mwaka 2020 ilihesabu watu milioni 62.1 wa jamii hii, na ndani yao wamo Wakuba, Wadominika, Wasalvador na wengine ambao, kila mmoja akiwa kwao, hana haja ya kujiita Mlatino hata kidogo.

Sasa tuje kwenye lugha. Gloria Anzaldúa, aliyezaliwa mwaka 1942 kusini mwa Texas karibu na mpaka, amesimulia katika kitabu chake cha mwaka 1987, kinachochanganya insha na mashairi, kwamba alipokuwa mtoto alikamatwa akizungumza Kihispania wakati wa mapumziko shuleni, akachapwa rula kwenye viungo vya vidole. Zingatia kwamba adhabu ile ilipiga vidole, navyo ndivyo vitakavyoshika kalamu. Mtoto huyo anapokua akaiweka lugha ileile katikati ya sentensi ya Kiingereza, tena pasipo kuitafsiri, mimi sioni mtu aliyeshindwa kuchagua. Mwenyewe alieleza kwamba maadamu analazimika kila mara kutafsiri, lugha yake itaendelea kuhesabiwa kuwa si halali.

Wala si kweli kwamba wote wanalalamika. Chukua neno moja tu la Tato Laviera, mzaliwa wa Puerto Rico aliyekulia New York, ambalo ndilo jina la diwani yake ya mwaka 1985: AmeRícan. Ni neno la Kiingereza la Mmarekani, isipokuwa R imekuwa kubwa na i imetiwa alama ya mkazo ya Kihispania. Ukilitamka kwa mkazo huo, linasikika kama mtu anayesema kwa Kiingereza kwamba yeye ni Mpuerto Rico. Herufi moja na kistari kidogo juu yake vimetosha kumfanya mtu awe wa huku na wa kule kwa pumzi moja. Sisi tuliolelewa kwenye vina na mizani tunapaswa kuwa wa kwanza kuuvulia kofia ufundi wa namna hiyo. Nakushauri uyasome mashairi hayo kwa sauti, maana mengi yalitungwa kwa ajili ya sikio: ukumbi maarufu wa washairi wa Nuyorican, yaani Wapuerto Rico wa New York, ulianzia sebuleni kwa Miguel Algarín mwaka 1973, watu wakisomeana.

Hata hivyo malalamiko yapo, na yana sababu. Mlatino akiwa Mexico City anaweza kuitwa pocho, neno la kebehi kwa mwenye asili ya Meksiko aliyekuwa Mmarekani mno, na akiwa Los Angeles akasifiwa kwa kuongea Kiingereza vizuri, sifa ambayo mzaliwa wa hapo hakuiomba. Pat Mora wa El Paso ana shairi fupi juu ya mtu wa aina hii, anayetabasamu pande zote mbili huku kila upande ukimpima kwa jicho la pembeni. Anza na hilo.

Nakubaliana nawe kwa jambo moja. Wapo wanaochanganya kwa mazoea tu: wakishatia neno la bibi, la chakula na la Mungu kwa Kihispania, wanadhani shairi limeiva. Kipimo changu ni kulibadilisha neno hilo kwa Kiingereza kisha kusoma mstari upya. Usipopungua kitu, lile neno lilikuwa pambo.

SWALI: Nikitafsiri mashairi hayo kwa Kiswahili, maneno ya Kihispania niyafanyeje?
Mfasiri anayeanza

JIBU: Yaache yalivyo. Ukiviweka Kiingereza na Kihispania vyote katika Kiswahili kimoja laini, umeufuta mpaka ambao shairi zima limesimama juu yake, na msomaji wako hatajua kwamba mama alizungumza lugha moja na hakimu akajibu kwa nyingine. Neno likiwa gumu kupita kiasi, sentensi inayolizunguka inaweza kulibeba. Ufafanuzi wa pembeni uwe wa mwisho kabisa. Na usiyalaze kwa herufi za mlazo ikiwa mshairi hakufanya hivyo, kwa kuwa kwake yeye hayo si maneno ya kigeni.