Mechi Moja Iliyobaki: Barua kwa Mwanangu

Hombolo, Dodoma

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu. Unauliza kwa nini mkeka wako wa kubeti wa mechi kumi, ambao timu zote lazima zishinde ndipo ulipwe, ulipochanwa na timu moja tu, ulikopa kwa simu usiku ule ule na kubeti tena mara mbili kabla ya alfajiri, na kama hiyo ni dalili ya ujinga. Mjinga wewe si; hesabu za darasa la sita nilikufundisha mwenyewe. Tatizo ni kwamba usiku ule hukuzipiga, kwa hiyo niruhusu nizipige hapa.

Tuseme kila timu uliyoichagua ina nafasi 70 kati ya 100 za kushinda, nami hapo nimezipendelea sana timu zako. Mkeka wa namna hiyo utaingia wote kama mara 3 katika mikeka 100, ilhali utachanwa na timu moja peke yake kama mara 12. Maana yake ni kwamba "nimebakiza mechi moja" itakutokea mara nne zaidi ya ushindi wenyewe, na kila itakapokutokea, mkeka wa kesho utaanza tena sifuri. Ubongo hauoni hivyo. Watafiti waliochunguza ubongo wa watu wakicheza mashine za kubahatisha waligundua kwamba kukosa kidogo huamsha baadhi ya sehemu zile zile zinazoamshwa na ushindi, na humwongezea mtu hamu ya kuendelea ingawa mwenyewe anasema kumemuudhi. Ndivyo ulivyopoteza fedha huku moyo ukienda mbio kama wa mtu aliyekaribia kupata.

Umeandika pia kwamba baada ya mikeka mitano kuchanika, wa sita "lazima uingie". Kosa hilo nimewahi kulifanya kwa jembe. Mvua iliponinyima misimu miwili mfululizo, msimu wa tatu niliacha uwele na mtama nikapanda mahindi shamba zima, nikiamini kwamba mbingu zina deni langu. Baba yako aliguna tu, na mwaka ule tulikula unga wa dukani. Huko kwenye kasino ya Monte Carlo, Ulaya, tarehe 18 Agosti 1913, gololi ya ruleti, lile gurudumu la kamari lenye vishimo vyeusi na vyekundu, iliangukia weusi mara 26 mfululizo, na kadiri weusi ulivyojirudia ndivyo watu walivyozidi kumwaga fedha kwenye wekundu, wakidhani zamu yake imefika. Gololi haikuwa na deni lao, kama mbingu zilivyokuwa hazina langu.

Kinachonitia hofu zaidi ni papara, kwa sababu mtu aliyetulia huweza kuyaona makosa haya, lakini mwenye uchungu wa kupoteza huiona kodi ya mwisho wa mwezi kuwa iko mbali na fedha ya kurudisha usiku huu kuwa imo kiganjani. Zamani papara ilihitaji miguu, na njiani mtu alipoa. Siku hizi mshahara, mkopo na mkeka vimo ndani ya simu moja. Kwa hiyo sikuombi uwe na msimamo saa sita za usiku. Msimamo wa saa hiyo siuamini hata kwangu mwenyewe. Funga akaunti hiyo mchana, simu ilale sebuleni, na kodi ya chumba unitumie siku ile ile mshahara unapoingia, nami nitamlipa mwenye nyumba.

Mwaka 2013 chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani kiliuhamishia uraibu wa kamari kwenye kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Awali ulihesabiwa pamoja na matatizo ya kushindwa kuzuia misukumo. Ndiyo maana nataka twende Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Najua hapa Dodoma jina hilo watu hulitumia kutaniana, nami nimewahi kucheka pamoja nao, lakini ni hospitali na ina wataalamu. Nitakuja Jumanne kwa gari la kwanza, nikusindikize. Kabla ya hapo niandikie jumla ya madeni yote, pamoja na lile ambalo hukulitaja kwenye ujumbe.

Mama yako