Kusoma Biblia kwa mpangilio wa matukio, ni kuipangua?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mchungaji. Mimi ni binti niko Wete, Pemba. Nimepakua kwenye simu ratiba ya kusoma Biblia nzima kwa mwaka kwa kufata matukio yalivyotokea, kila siku na maelezo mafupi. Mwenzangu wa kanisani kasema kupangua vitabu ni dhambi, Ufunuo 22 imekataza. Na siku nyengine nachoka nasoma maelezo tu nalala. Niendelee?

JIBU: Asifiwe sana mwanangu. Endelea, tena kwa furaha.

Ufunuo 22:18-19 inakataza kuongeza na kuondoa maneno, na ratiba yako haijaondoa hata mstari mmoja. Mwambie mwenzio kwa upole kwamba hata huu mpangilio tulouzoea haufati miaka, vitabu vimewekwa kwa aina, torati, historia, mashairi, manabii, alafu nyaraka za Paulo zimepangwa karibu kwa urefu ndo mana Warumi iko mbele na Filemoni mwisho. Wayahudi wana maandiko yale yale ya Agano la Kale na wao wanamalizia na Mambo ya Nyakati, sisi tunamalizia na Malaki.

Na faida yake kubwa. Ukisoma 2 Samweli 11 na 12, dhambi ya mfalme Daudi na Bath-sheba, nabii Nathani anamwambia mfalme usoni wewe ndiwe mtu huyo, kisha hapo hapo ukafungua Zaburi 51 unamskia Daudi yule yule analia kwa Mungu, si zaburi tu ya kusoma Jumatano ya Majivu. Au nabii Hagai, wengi wetu tunampita mbio, lakini muweke pembeni ya Ezra 5 unaona kumbe watu walirudi kutoka uhamishoni wakaacha kujenga hekalu na huyu ndo kawainua. Yeremia ndo anasaidika zaidi, mana sura ya 21 ni wakati wa mfalme Sedekia na ya 36 inarudi nyuma kwa Yehoyakimu aliyetawala kabla yake, ukisoma moja kwa moja bila msaada unapotea.

Ila kuna jambo nakuomba ulishike, hiyo miaka wameipanga watu. Ratiba nyingi zinamuweka Ayubu zama za Ibrahimu kwa vile anatoa sadaka mwenyewe bila kuhani na utajiri wake ni mifugo, hoja nzuri, lakini kitabu chenyewe hakitaji mwaka, kwahiyo usigombane na mtu kwa hilo. Na Injili zikichanganywa unapoteza kitu: Luka kaliweka mapema sura ya 4 tukio la Yesu kukataliwa Nazareti, Marko analo sura ya 6, na Luka ana makusudi yake. Ukimaliza hapo soma Marko peke yake, mwanzo mpaka mwisho.

Kuhusu kusoma maelezo tu, hapo sikubaliani na wewe hata kidogo. Anza na Neno, maelezo baadae. Biblia ina sura 1,189, kwa mwaka ni sura tatu na kitu kwa siku, na najua msimu wa karafuu mnarudi usiku mmechoka, basi siku hiyo soma sura moja na maelezo yaache kabisa. Ukibaki nyuma usijilazimishe kufidia siku tano kwa usiku mmoja, ratiba ikichukua miaka miwili sawa tu. Na huyo mwenzio mualike msome pamoja, muanzie hapo hapo kwa Hagai, ni sura mbili tu.