Umeme wa Uingereza: ukizoea Luku, soma hii kabla ya kusaini

Wadogo zangu wa huku Mbeya wanaojiandaa kwenda kusoma au kufanya kazi za uuguzi Uingereza huniuliza sana habari za makoti. Mtu aliyekulia Uyole au Tukuyu baridi anaijua, hilo atalimudu. Kitakachomshangaza ni bili ya umeme, maana sisi ni watu wa Luku: unalipa kwa simu, unabonyeza tarakimu 20, uniti zikiisha ni giza. Na tangu ile tozo ya huduma ya shilingi 5,520 kwa mwezi ilipofutwa mwaka 2016, hesabu yetu imebaki kwenye uniti tu (kodi ya jengo ni habari nyingine, tusiharibu siku).

Kule kuna ada ya kila siku, wenyewe wanaiita standing charge. Inahesabiwa hata ukifunga nyumba ukaja Mbeya mwezi mzima. Kwa hiyo anayekwambia "kampuni fulani uniti zao rahisi" hajakwambia kitu. Anayeishi peke yake na kutumia umeme kidogo, ada hiyo inamla kuliko inavyoila familia ya watu watano. Kadiria uniti zako za mwaka, zidisha kwa bei ya uniti, kisha jumlisha ada mara 365. Fanya hivyo kwa kila mpango, ndipo ulinganishe.

Lakini kabla ya kalkuleta, muulize mwenye nyumba: joto linatoka wapi? Nyumba nyingi hutumia gesi, na hapo umeme unabaki wa taa, friji, pasi na birika. Fleti nyingine zina hita kubwa za ukutani zenye matofali ndani. Zinakula umeme usiku na kutoa joto mchana, kama mafiga yanavyobaki ya moto kuni zikishaisha. Kwa hita hizo kuna mpango uitwao Economy 7: masaa 7 kila usiku uniti ni nafuu, ila mchana ni ghali kuliko mpango wa kawaida. Muuguzi wa zamu za usiku, fikiri vizuri hapa. Masaa ya nafuu wewe uko wodini. Unarudi asubuhi kupika, kuoga na kufua kwa bei ya juu. Kama nyumba haina hita hizo, mimi nisingeugusa mpango huo.

Halafu, utakaa muda gani? Mdhibiti wao, Ofgem, huweka kikomo cha bei na kukipitia kila baada ya miezi mitatu, kwa England, Scotland na Wales. Wengi hudhani kikomo hicho ni cha bili nzima. Hapana, ni cha bei ya uniti na ada ya siku. Ukitumia zaidi, unalipa zaidi. Mkataba wa bei isiyobadilika, mara nyingi wa mwaka mmoja au miwili, unakupa utulivu, ila mingi ina faini ukiuvunja mapema, isipokuwa zile siku 49 za mwisho. Mwenye pango la miezi sita abaki tu na bei inayobadilika.

Siku ya kuingia, piga picha mita na uitume kwa kampuni inayohudumia nyumba hiyo. Kwao wewe ni mteja tayari, hata kabla hujasaini. Ukilipa bili mwenyewe, una haki ya kuhama kampuni. Mita za malipo ya kabla zipo pia na zitakukumbusha nyumbani, ila ukisafiri ada ya siku inageuka deni, na ukirudi pesa ya kwanza unayoweka inalipa deni hilo.

Wanaolipa kiasi kilekile kila mwezi kupitia benki, kiangazi hujikuta na akiba kwenye kampuni. Wakati wa kuondoka tuma namba za mwisho za mita, dai akiba yako, na usifunge akaunti ya benki mpaka iingie.