Kutoka Iringa hadi Matema na hema: pa kulala na pa kukwepa

Wengi wanaoshuka na hema ufukweni Matema, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, hukosea kabla hawajawasha gari. Wanapanga mafuta, wanapanga nyama ya kuchoma, wanapanga nani akae mbele. Pa kulala, "tutapaona huko huko". Wanapaona kweli, saa mbili usiku, kwa mwanga wa taa za gari, na alfajiri ng'ombe wanawaamsha kwa sababu hema limekaa katikati ya njia yao ya kwenda majini.

Njia yenyewe haina siri. Unatoka Iringa, unapita Mafinga, Makambako, Igawa na Chimala mpaka Uyole: zaidi ya kilomita 300 za TANZAM, barabara kuu ya kwenda Zambia. Uyole unakata kushoto kwenda Tukuyu, unateremka mpaka Kikusya, unaingia barabara ya Ipinda, na lami inakufikisha Matema. Kinachosumbua ni kimo. Uwanda wa Kitulo, unaopandwa kutoka Chimala, uko kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Nyasa halifiki mita 500. Kila mita 1,000 unazoshuka, joto hupanda kwa nyuzi kama 6. Kwa hiyo safari hii moja ina baridi ya kugandisha umande, mvua ya Rungwe na joto la Kyela kando ya ziwa, na kiwanja kinachokufaa sehemu moja kitakutesa sehemu nyingine.

Hesabu saa kinyumenyume. Mwezi wa sita jua la huku linazama karibu saa kumi na mbili na nusu. Kusimika hema kwa asiyezoea ni dakika 40. Kukikagua kiwanja kwa miguu ni dakika 20. Kupika kabla ya giza ni saa nzima. Ukijumlisha, saa kumi na nusu jioni gari liwe limezimwa. Sasa rudi barabarani: malori ya Tunduma, vijiji vya kilomita 50 kwa saa, matrafiki, milima ya kabla ya Mbeya. Mwendo wa wastani wa kilomita 55 kwa saa ndio wa kweli. Iringa hadi Matema kwa siku moja inawezekana, lakini utafika umechoka, na mtu aliyechoka hukubali kiwanja chochote. Gawa safari. Usiku wa kwanza lala maeneo ya Kisolanza au Mafinga, au sukuma mpaka upande wa Rungwe ukiwa umetoka mapema.

Kabla ya kuondoka piga simu, na uulize vizuri. Ukiuliza "maji yapo?" utajibiwa yapo, maana kisima kipo. Uliza "leo yametoka bombani?" Usiulize kama njia ni nzuri, jibu la heshima ni "nzuri tu". Uliza jana limeingia gari gani, na kama gari dogo lilitoka bila kusukumwa. Uliza choo kiko hatua ngapi kutoka kwenye mahema na kama kina taa, kama kuna mlinzi wa usiku, na malipo ni kwa kichwa au kwa hema, gari likiwemo au halimo. Na kwa Matema, swali ambalo watu hulisahau: wikiendi mnapiga muziki mpaka saa ngapi? Pasaka na Krismasi usiulize, jibu ni mpaka asubuhi.

Ukiona uwanja mzuri wa majani kando ya barabara hauna mtu, jua una mwenyewe. Nenda ofisi ya kijiji kwa mtendaji. Ikiwa ni Jumapili, tafuta mwenyekiti wa kitongoji. "Shikamoo mzee, sisi wasafiri, tunaomba sehemu ya kusimika hema usiku mmoja" inatosha, na ukianza na kamwene ukiwa upande wa Iringa na Njombe, au ugonile ukiwa kwa Wanyakyusa, mazungumzo yanafupika. Ukiandikwa kwenye kitabu cha wageni, kijiji kizima kinajua ninyi ni nani, na huo ni ulinzi kuliko kufuli lolote. Misheni nazo ni za kuulizia mapema: mara nyingi zina kiwanja cha tambarare, bomba, choo na mlinzi. Uwanja wa shule ukwepe siku za kazi. Saa kumi na mbili asubuhi watoto wako hapo na mifagio, na mtakuwa sinema yao.

Kwenye hifadhi mambo ni mengine, na kila hifadhi ina mwenye nayo. Kitulo na Ruaha ni za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Msitu wa Mlima Rungwe na mashamba ya miti ya Sao Hill yako chini ya TFS, wakala wa misitu. Mpanga-Kipengere ni ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Kibali cha mmoja hakiingii kwa mwingine, na malipo ni kwa namba ya kumbukumbu, si fedha mkononi, kwa hiyo ishughulikie mkiwa bado mjini kwenye mtandao. Na ndani ya misitu ya Mafinga usiwashe moto wa kuni, hasa kuanzia mwezi wa nane hadi mvua ya kwanza. Sindano za misonobari chini ni kama petroli.

Sasa baridi. Kwenye nyanda za juu, kuanzia Mufindi hadi Isongole na Kitulo, watu huvutiwa na bonde: kuna kijito, kuna majani laini, kumejificha upepo. Hapo ndipo pabaya. Hewa baridi ni nzito, usiku inateremka kama maji na kujikusanya chini bondeni. Asubuhi utaona ukungu umelala mle mle ulimokuwa umelala wewe. Panda mita 20 au 30 juu ya sakafu ya bonde, tafuta sehemu bapa mgongoni mwa mlima, upande unaopata jua la asubuhi, na tofauti utaisikia kwenye vidole. Mwezi wa sita na wa saba Kitulo hupiga baridi mpaka majani yanakuwa meupe. Maua, yanayowavuta watu kwenye hifadhi hiyo iliyotangazwa mwaka 2005, ni ya Desemba hadi Aprili, na hiyo ni mvua: barabara ya Chimala kwenda Matamba, ile ya kona hamsini na saba, ikilowa huteleza vibaya. Kupanda na kushuka tumia gia ndogo. Anayeshuka amekanyaga breki mwanzo hadi mwisho ataisikia harufu yake kabla ya kona ya mwisho.

Baridi ya kulala inatoka chini zaidi kuliko juu. Mtu anajifunika mablanketi matatu juu ya mkeka mmoja, kisha analalamika. Geuza hesabu: mkeka, godoro la sponji, blanketi mbili chini yako, moja juu, na soksi kavu ambazo hukutembea nazo mchana. Acha matundu ya hema wazi kidogo. Ukiyaziba yote, pumzi zenu zinageuka matone na kuwadondokea saa tisa usiku.

Halafu hili, na tunalisema bila kuzunguka: jiko la mkaa haliingii hemani. Wala likiwa "limeshakolea", wala "dakika tano tu". Mkaa uliokolea hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi, inayokulaza kabla hujashtuka. Anayetaka joto achemshe maji, ayatie kwenye chupa ngumu, aizungushie fulana na kulala nayo miguuni.

Kwa kupikia, kwenye mita 2,600 maji yanachemka kwenye nyuzi 91 hivi, kwa hiyo maharage yatagoma mpaka gesi ya mtungi wa kilo 6 ikuishie. Beba yaliyokwisha kuchemshwa. Viazi nunua kisado kimoja Uyole, ukate vidogo.

Tukuyu na Rungwe kwa ujumla, shida ni maji ya juu. Mvua yake kubwa ni Machi hadi Mei, lakini manyunyu yanaweza kukukuta hata mwezi wa saba. Egesha gari kwenye changarawe, pua ikitazama mlango wa kutokea. Majani yaliyolowa kwenye mteremko huzungusha tairi mpaka mtafute jembe na vijana wanne. Kabla ya kutandika turubai, inama uangalie chini: takataka na majani makavu yakiwa yamelala yote kwa mwelekeo mmoja kama nywele zilizochanwa, hapo maji hupita. Angalia na mistari ya siafu. Na usilale chini ya mkaratusi, hata kama kivuli ni kizuri: hudondosha matawi bila upepo.

Matema panahitaji macho zaidi, maana pote panaonekana pazuri. Mchanga, Milima ya Livingstone imeinuka nyuma, mitumbwi inarudi na mbasa asubuhi. Lakini ziwa hili limenyooka kwenda kusini zaidi ya kilomita 500, na Matema iko kwenye kichwa chake cha kaskazini. Upepo wa kusini wa Mei hadi Agosti unasukuma mawimbi urefu wote huo mpaka mlangoni kwako. Kina nacho hubadilika: maji hujaa mwishoni mwa masika, karibu Aprili na Mei, na kushuka mpaka Novemba. Picha ya ufukwe mpana uliyotumiwa na rafiki aliyekwenda Novemba haikuambii lolote kuhusu Mei. Tembea mchangani utafute mstari wa matete makavu, vijiti na vifuniko vya chupa. Hapo ndipo wimbi la juu lilipofika. Panda hatua kumi na tano zaidi, nyuma ya kituta cha mchanga, mlango wa hema ukiupa upepo kisogo. Acha pia sehemu zenye alama za mitumbwi kuburutwa na panapoanikwa dagaa. Hapo ni kazini kwa watu, na kazi inaanza kabla hujaamka.

Vigingi vya kawaida havishiki mchanga. Upepo wa kwanza unaving'oa kama meno ya mtoto. Chukua vipande vya salfeti, kimoja kwa kila kamba, kila kimoja ukubwa wa mfuko wa kilo 5. Kijaze mchanga, kifunge, kamba ya hema ipite katikati ya tumbo lake, si shingoni. Chimba shimo la futi moja na nusu, kilaze kikiwa kimekingama mvuto wa kamba, fukia, kanyaga, mwagia maji kidogo, kanyaga tena. Kamba itoke ardhini ikiwa imeinama kuelekea hema. Hicho hakitoki mpaka ukichimbue. Ukikosa salfeti, fukia kipande cha ukuni kwa namna hiyo hiyo.

Mbu wa Kyela si wa kujaribu. Zipu ya hema ifungwe kabla ya jua kuzama, siyo mkisikia wimbo sikioni, na waliotoka milimani wasijidanganye kwamba mwili umezoea. Iringa haikuwazoesha malaria ya ziwani. Kuhusu kuoga, chagua mchanga ulio wazi unaopigwa na wimbi, mbali na matete na maji yaliyotuama, ambako konokono wa kichocho hukaa. Hiyo hupunguza hatari, haiondoi. Jikaushe kwa taulo mara utokapo, na baada ya wiki sita hadi nane kapime; dawa yake, prazikwanteli, ni rahisi kuliko ugonjwa. Kwenye mdomo wa Mto Lufilyo usioge wala kuosha vyombo. Mamba wapo, na jioni ndiyo saa yao. Waulize wavuvi, kila mmoja atakuonyesha mpaka wa pa kuoga kwa kidole.

Kama mpango ni kuendelea na ufukwe mpaka Mbamba Bay, hakuna barabara ya kando ya ziwa: baada ya Matema milima inaingia majini. Kwa gari njia ya kawaida ni kurudi Makambako, kisha upite Njombe, Songea na Mbinga. Hesabu siku mbili, na usiku mmoja wa baridi Njombe, kwa hiyo yale mablanketi usiyafungie chini kabisa ya buti.

Asubuhi ya kuondoka, kung'uta mchanga huku hema bado limesimama, uteremshe kwa kuanzia juu. Zipu ziswaki kwa mswaki mkavu, kisha zimwagie maji safi. Punje moja ya mchanga inatosha kuila zipu nzima kwenye njia ya kurudi. Likiwa na umande lifunge tu, msichelewe, ila mkisimama Tukuyu kununua ndizi na jua likiwepo, litandazeni juu ya gari robo saa. Hema lililokunjwa bichi likifika nyumbani Iringa siku ya tatu lina madoa meusi ya ukungu, na hayo hayatoki kwa sabuni.