Re: Safu moja ya mzazi inatosha kwa ontolojia?

Mkuu, umeuliza kama safu moja ya mzazi_id (namba ya istilahi iliyo juu yake) inatosha kuhifadhi Gene Ontology, yaani mkusanyiko wa istilahi za kueleza kazi za jeni, kwenye hifadhidata ya PostgreSQL. Haitoshi. Ontolojia hiyo si mti, ambamo kila kitu kina mzazi mmoja tu: istilahi moja inaweza kuwa na wazazi wawili au zaidi, tena mmoja kwa uhusiano wa "ni aina ya", mwingine "ni sehemu ya".

Weka jedwali la istilahi, ufunguo uwe namba ya Gene Ontology yenyewe (mitokondria ni GO:0005739), halafu jedwali la pili: mtoto, mzazi, aina ya uhusiano. Mababu wote utawapata kwa WITH RECURSIVE (swali la SQL linalojirudia, likipanda ngazi kwa ngazi), ila tumia UNION, inayoondoa majibu yanayojirudia, si UNION ALL, inayoyaacha yote, la sivyo babu mmoja atakurudia kwa kila njia inayofika kwake. Istilahi iliyostaafishwa usiifute, itie alama tu. Data ya zamani bado inaielekea.