Mnara wa simu na kahawa ya Kibosho

Kaka, unasema tangu mnara wa simu usimikwe hapo Kibosho kahawa ya mzee imepungua, kwa hiyo mnara ndio unaoiua. Polepole. Mwezi wa saba hapa Moshi sweta za mtumba zinagombewa pale soko la Memorial, na mafua nayo yanachachamaa. Sweta ndizo zinazoleta mafua? Msimu wa baridi ndio unaotuvalisha sweta, na ndio huohuo unaotufungia ndani tukikoholeana.

Sasa rudi shambani. Geuza jani la mbuni: ukikuta unga wa rangi ya chungwa chini yake, hiyo ni kutu ya majani. Tunda bichi lina doa jeusi lililobonyea? Hapo mshuku chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa. Na mibuni yenyewe ina umri gani? Ya kwetu ni ya babu, ilishachoka kabla simu hazijafika.

Halafu panda kwa ndugu aliye mbali na mnara, umuulize kavuna debe ngapi miaka hiyohiyo. Kama naye kashuka, mnara unasingiziwa. (Nami siupendi, unaniziba mlima asubuhi.)