Jibu: Kwa nini mshale ulipita juu ya mgongo wa kulungu

Ndugu wa Kisumu, umeuliza kwa nini shemeji yako aliye Marekani hakosi shabaha akiwa mazoezini, lakini mshale wake ukapita juu ya mgongo wa kulungu aliyesimama mita 30 tu. Nadhani mkono wake hauna kosa. Mshale wa upinde wa kisasa husafiri takriban mita 80 kwa sekunde, ilhali sauti ya ugwe, yaani kamba ya upinde, husafiri mita 340. Kwa hiyo mnyama husikia kabla mshale haujafika, naye hujiinamisha ili apate nguvu ya kuruka, na huko kuinama ndiko kunakomwokoa.

Mimi mwenyewe, nilipokuwa nikiishi Michigan, nilikosa hivyo mara mbili nikiwa juu ya dungu, yaani jukwaa la kuvizia mnyama. Mara ya pili niliuokota mshale kwenye majani makavu ukiwa safi, bila tone la damu, na nikashukuru, kwani heri kukosa kabisa kuliko kumjeruhi mnyama akafie vichakani. Tangu hapo nililenga chini kidogo, usawa wa moyo, na aliyekwisha kutega masikio nilimwacha apite.

Hapa Nakuru ninalenga gunia la maganda ya mahindi tu, maana uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977. Mwambie shemeji, kama naye huwinda akiwa dunguni, afanye mazoezi akiwa juu vilevile, akikunja kiuno badala ya kushusha mkono, tena akiwa amevaa koti lake la baridi. Mkono wa koti langu uliwahi kunaswa na ugwe.